Halua Haikuwemo Kwenye Orodha

Keti unisikilize, wewe uliyetumiwa kwenye simu ule mlo wa kuharakisha mwili. Sitakucheka. Dada yangu mkubwa aliufuata miezi mitatu, nami nilikuwa msaidizi wake mkuu.

Goti lake la kulia lilikuwa limekwisha. Nyumba yetu ya Mji wa Kale ina ngazi nyembamba zinazopanda wima, na chumba chake kiko orofani. Akawa analala ukumbini kama mgeni. Daktari alikubali kumpasua kwa sharti moja: apunguze uzito kwanza, kwa sababu ya presha yake na dawa ya usingizi. Alimpa miezi mitatu.

Mlo wenyewe ulitaka maji ya ndimu na siki asubuhi, mchana supu ya pilipili, na tangu alasiri hadi magharibi kahawa tungu ya tangawizi, vikombe vinne au vitano. Vitu vikali, ulidai, huufanya mwili uunguze mafuta hata ukilala. Dada akaacha wali, akaacha na mahamri. Mimi nasomesha sayansi katika shule moja ya Tononoka, na swali hata moja sikuuliza. Kila nikitoka kazini nilipitia kwa muuza kahawa, nikamjazia dada birika.

Siku ya kupimwa nilimsindikiza. Uzito ulikuwa uleule, na nusu kilo juu yake.

“Mizani yenu mbovu,” dada alimwambia muuguzi. “Hebu panda wewe tuone.”

Muuguzi akapanda, akashuka. Mizani ilikuwa nzima. “Haya, mama, niambie unakula nini.”

Dada akautaja mlo wote kwa fahari, hakuruka kitu.

“Na hiyo kahawa unainywa na nini?”

“Kahawa tungu hunywewa na nini? Na halua. Isipokuwepo halua, tende.”

“Kila kikombe?”

“Wewe mtu wa bara nini? Wataka niimeze kavukavu?”

Muuguzi alicheka, maana kweli alikuwa mtu wa bara. “Sasa mbona halua hukuitaja, mama?”

“Umeniuliza chakula. Halua ni ya kahawa.” Kisha akanigeukia. “Na aniletea huyu hapa, mwalimu mzima!”

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nikiichukua pamoja na birika, imefungwa kwenye karatasi, wala haikunipitia akilini kuwa ni kitu cha kuhesabiwa. Kwetu mtu hatengi kahawa na halua yake. Upasuaji ukaahirishwa.

Nyumbani nilimweleza nilichopaswa kumweleza mwanzo. Sehemu kubwa ya nguvu itokayo kwenye chakula hutumika hata ukiwa umekaa: moyo upige, mapafu yavute, mwili uwe na joto. Kasi ya kazi hiyo hutegemea zaidi ukubwa wa mwili, misuli, umri na maumbile. Pilipili na kahawa huipandisha kweli, lakini kidogo sana na kwa muda mfupi. Kipande kimoja cha halua kinatosha kuifuta faida hiyo. Na anayejinyima kupita kiasi hupoteza misuli, na mwili wake huanza kubana matumizi.

“Kwa hivyo siki yote ile nimekunywa bure?”

“Bure, dada.”

“Na wewe wanitazama tu.”

Niliichukua chupa ya siki, nikaiondoa mezani.

Alirudia chakula cha kawaida, ila kwa kipimo: wali kiasi, samaki, mchicha, hamri moja asubuhi. Kahawa ikawa kikombe kimoja na tende moja. Kliniki walimwonyesha mazoezi ya kuinua mguu akiwa kitini, ili misuli isilale. Alilalamika kila siku, na kila siku aliyafanya. Uzito ulishuka polepole, wiki nyingine haukushuka kabisa. Mwezi wa tano tangu aanze kipimo hicho, daktari aliitazama kadi yake, akamwandikia tarehe ya upasuaji.

Nawe usianze na siki. Chukua daftari, na kwa siku saba andika kila unachokula na kunywa, papo hapo, hata kiwe kidogo kiasi gani. Siku ya nane lipeleke kliniki, ulisome pamoja na muuguzi.