Trekta Ndani ya Ukungu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa juu ya paa la ploti yetu, jengo la kupanga mtaani Pipeline, nikiwahi kamba ya nguo kabla ya majirani. Ukungu ulikuwa mzito. Ndege zinazotua hupita juu yetu, na kwa miaka tisa nimezijua sauti zake: inayoshuka hupunguza mngurumo. Ile ya asubuhi hiyo ilipunguza, kisha ikanguruma ghafla na kupanda tena. Niliacha nguo kwenye beseni.

Mume wangu, Mutunga, anaendesha trekta ya kukata nyasi kule uwanja wa ndege. Alishanieleza kwamba ukungu ukishuka rubani haoni chini. Anafuata mshale ulio mbele yake, unaoongozwa na mawimbi ya redio kutoka milingoti iliyo uwanjani. Chuma kikisimama mbele ya milingoti hiyo, mshale unayumba. Ndiyo maana magari yote huamriwa kutoka.

Mimi habari ya mshale ilinipita. Nilichosikia ni kwamba mume wangu anaendesha mahali asipoona. Kila alfajiri nilimwambia akishindwa kuona azime injini, asimame papo hapo. Alikuwa akinicheka kwamba nadhani trekta ni punda.

Nilimpigia Mutunga, simu yake ikaita tu bila kupokewa. Saa nne Nabiswa, mwenzake wa kazi, akanipigia. Alisema ndege ilizunguka hadi trekta ikaondolewa, ndipo ndege ikatua salama. Trekta ilikutwa mbele ya milingoti, imezimwa. Mutunga alikuwa ofisini akihojiwa.

"Shemeji, aliitwa kwa redio atoke," akasema. "Sijui ni nini kilimfanya azime."

Mimi nilijua. Nikamshukuru, nikakata simu.

Anayefutwa kazi pale huacha koti lake la manjano getini. Basi nilikaa dirishani siku nzima nikitafuta koti la manjano, na vijana wa bodaboda wote huvaa rangi hiyo. Kila mara nilisimama, nikakaa tena.

Jioni nilisikia viatu vyake vikipanda ngazi, polepole, hadi ghorofa ya tano. Vikasimama mlangoni. Hakubisha. Nilingoja, kisha nikafungua mwenyewe.

Alikuwa na sweta tu.

Nilimuuliza kama amewaambia ni mimi niliyemfundisha kusimama.

"Nimewaambia nilipotea," akasema. "Sogea nipite, Mama Mwelu."