Bunduki Iliyokwanguliwa Nembo

Juzi nilipeleka lori mwenyewe mji wa Blaine, huku Amerika, maana vijana wa siku hizi wanaamka wanapotaka. Tulikuwa tunahamisha vitu vya marehemu mmoja, na nilipofungua mlango wa gereji ikanipiga harufu ya grisi kuukuu na mafuta ya taa. Nikakaa juu ya boksi. Mgongo unaniuma siku hizi, rafiki yangu, lakini si mgongo ulionikalisha.

Unanijua. Kampuni hii nimeijenga kwa mikono yangu, toka kigari kimoja kibovu mpaka ghala kule Eagan, na shule sikuimaliza. Wenye digrii wananiita boss. Nasema kwa sababu ni kweli. Lakini kitu cha kwanza nilichokijua kuliko watu wazima wa mtaa wetu kilikuwa bunduki kuukuu za Amerika ya Kusini, na wakati huo sauti yangu ilikuwa bado ya kitoto.

Ilikuwa miaka ya tisini. Jirani yetu alikuwa mzee wa Kizungu aliyefiwa na mke, na gereji yake haikuwahi kuona gari. Majeshi ya kule kusini yalikuwa yameziuza bunduki zao za kizamani, naye akizinunua zikiwa zimepakwa grisi nzito nyeusi kama asali iliyoungua. Kazi yetu, mimi na yeye, ilikuwa kuziosha kwa maji ya moto, kuzifuta, kisha kujua kila moja imetoka wapi. Karibu zote zilitengenezwa Ujerumani, kwa hiyo maandishi ya Kijerumani hayakukwambia kitu. Ulitafuta nembo ya nchi iliyonunua, pale mtutu unapoanzia. Chile ina ndege mkubwa kama tai, na mnyama kama swala. Peru ina mnyama kama ngamia asiye na nundu. Ajentina ina mikono miwili iliyoshikana, na jua juu yake. Nyingine zilikuwa zimekwanguliwa nembo kabla ya kuuzwa, kwa sababu nchi hazikutaka alama zao zizurure mikononi mwa wageni. Hizo ndizo zilizokuwa zangu. Mzee alikuwa na neno moja tu la kunifundishia: "Usiniambie unachodhani. Niambie unachoona."

Kisha bibi akaja kutoka Kilimanjaro, akakutana na theluji. Mama alimpikia mtori kwa ndizi za duka la Wameksiko, bibi akala akisema ndizi hizi hazina harufu, zimekulia hospitali. Hakuweza kukaa ndani mchana kutwa. Akawa ananifuata gereji, koti la baba mwilini na kitenge juu yake, anakaa karibu na hita na kunywa kahawa ya mzee bila kukunja uso.

"Muulize mwenzangu," aliniambia siku moja, "ana nyumba nzima, mbona anaishi zizini na vyuma?"

Nikamfasiria. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Mwambie vyuma havinuni."

Siku hiyohiyo bibi aliiona bunduki mezani, imekwanguliwa shingoni, ubavuni limebaki neno moja tu, Berlin. Akaniuliza limeandikwa nini. Nilipomwambia ni mji wa Wajerumani, akaweka kikombe chini.

Baba yake alichukuliwa na Wajerumani kuwa askari katika vita ile ya kwanza, yeye akiwa bado mgongoni kwa mama yake. Hakurudi. Kwetu mtu akifia ugenini na mwili usipatikane, hukatwa mgomba, ukazikwa kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, badala yake, apate kupumzika. Mama yake bibi alikataa. Alisema hazikwi mtu ambaye huenda yu njiani. Akafa akingoja, na kungoja kule akamrithisha bibi.

"Wameikwangua tusimjue mwenyewe," bibi alisema. Mkono wake ulikuwa umelala juu ya mti wa ile bunduki kama unavyolala juu ya mtoto mwenye homa. "Mwambie mzee aniachie kitu hiki cha baba yangu nikakizike."

Nikamfasiria yote. Mzee akasema, "Kama ni ya baba yake, ni yake. Tazama kwanza. Unaona nini?"

Nikazima taa, nikailaza tochi ubavuni mwa chuma ili mwanga upite juu juu. Aliyekwangua alikuwa mvivu. Vivuli vikajitokeza: vidole vya mikono miwili iliyoshikana, na juu yake miale ya jua.

"Bibi, si yake. Hii ilinunuliwa Ajentina. Kwetu haikufika."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Una hakika kama polisi," alisema, na hakuwa anatania. Akapapasa pale pa mkwanguo kwa kidole chake kwa muda mrefu. "Basi na huyu ana watu wake wanaomngoja." Akainuka, akavuka theluji peke yake, akaukataa mkono wangu.

Mama alinisema jioni nzima. Ungepungukiwa nini kama ungemwachia bibi yako aamini ni ya baba yake? Mimi nilikula nikitazama sahani.

Asubuhi bibi alikuwa jikoni anamenya ndizi. Akamwambia baba akwangue kadi ya simu, ampigie baba mdogo kule nyumbani. Alizungumza kwa kelele, kana kwamba sauti ingevuka bahari kwa miguu yake.

"Kateni mgomba. Ule mnene wa kando ya mfereji. Mzikeni baba yangu."

Akasikiliza.

"La, hatujapata kitu. Ndiyo maana."

Mzee yule alikufa zamani, na nyumba yake imepakwa rangi ambayo asingeitaka. Bibi amelala kihambani. Mgomba ule umeoza, na wanaopita pale, naambiwa, hawajui kwamba pana mtu. Wanangu wanaelewa Kiswahili, wananijibu Kiingereza, na nikiwasimulia habari hii wanauliza bunduki ile leo ingeuzwa bei gani.

Siku hizi mtu akitutoka tunaweka picha yake kwenye simu, tunaandika pole, kesho tuko barabarani. Bibi alimngoja mtu mmoja maisha yake yote, akamzika asubuhi moja kwa simu, akakata, akarudi kumenya ndizi. Watu wa namna ile wamekwisha, na mimi, kwa nguvu zangu zote hizi, simo miongoni mwao.