Tunapunguza au Tunaondoa?

Baba yangu hajui kukaa. Tangu amwachie kaka yangu kiti cha kinyozi, amekwisha kukaza skrubu za milango yote ya nyumba, hata mlango wa jirani ambao haukuwa umelegea. Anakunywa chai amesimama. Ukimwambia akae, anakaa, halafu unasikia ndara zake uani, pwata pwata, mpaka kichwa kinakuuma.

Kiti hakukiacha kwa hiari. Mikono ilianza kutetemeka, akamkata mteja sikio. Kidonda kidogo tu, lakini kaka akamwambia, "Baba, sasa pumzika," na sote tulijua maana yake: asishike tena mkasi. Miaka arobaini alikuwa akimfunga mteja kitambaa shingoni na kumuuliza swali lile lile, "Tunapunguza au tunaondoa?" Ghafla hana wa kumuuliza.

Mama naye ana vichaka vyake vitano vya lavenda nyuma ya jiko. Hataki mtu avisogelee. Maua anayakata yanapoanza tu kufunguka, anayafunga mafungu na kuyaning'iniza stoo, vichwa chini. Yakikauka anayatia kwenye vifuko na kuvipanga katikati ya nguo. Nyumba nzima tunanukia kabati la Mama.

Safari hii maua yalianza kufunguka wakati Mama ameitwa kumuuguza dada yake aliyevunjika nyonga. Akaniachia mimi maagizo: "Vuna asubuhi, umande ukishakauka. Halafu vipunguze kidogo."

Baba alikuwa mlangoni. Aliposikia neno "vipunguze", macho yalimwaka.

"Niachie mimi," akaniambia Mama alipoondoka. "Kupunguza ndiyo kazi yangu."

Nilimwachia. Nisidanganye, sikumwachia kwa upendo. Nilitaka zile ndara zinyamaze hata saa moja.

Maua aliyavuna vizuri, mafungu yakawa sawasawa kama yamepimwa kwa rula. Kasheshe ilikuja kwenye kupunguza. Mkono ulitetemeka, upande wa kushoto ukaingia ndani. Akasawazisha wa kulia. Wa kulia nao ukazidi, akarudi kushoto. Nilipotoka na chai, vichaka vinne vilikuwa vipara, vijiti vya kahawia vitupu bila jani hata moja, na Baba anapuliza vumbi kwenye mkasi huku akielekea cha tano.

"Baba! Ndiyo nini hiki?"

"Zitaota," akasema. "Nywele gani hazioti?"

Nilimpigia Mama. Akauliza kitu kimoja tu, kama Baba amekata mpaka kwenye mti mkavu, chini ya majani. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Pale haichipui tena."

Baba alisikia. Kuanzia siku hiyo hatukuwa na amani. Alfajiri yuko uani, mchana yuko uani, ameinama anatafuta chipukizi. Alimwagilia maji mpaka pakawa tope. Mara mbili aliniita kwa furaha, na mara zote mbili lilikuwa jani la magugu. Nilikuwa na hasira naye, kisha nikawa na hasira na mimi, maana maagizo nilipewa mimi. Na mimi pia nikaanza kunywa chai nimesimama.

Mama aliporudi hakuweka hata mkoba. Alipita moja kwa moja mpaka nyuma ya jiko, akachuchumaa, akakwangua gome la kila kichaka kipara kwa ukucha. Kavu, kavu, kavu, kavu.

"Mzee, wateja wote uliwauliza," akasema. "Mimi hukuniuliza."

Baba alisimama kama mtoto aliyevunja kikombe. "Nilikuwa nasawazisha, mama watoto," akasema. "Mkono huu..."

Mama akaingia ndani. Nilidhani anakwenda kulia. Akatoka na mkasi, ule ule wa kazini, akaenda kwenye kichaka cha tano ambacho kilikuwa bado na majani yake.

"Mama, lete nikate mimi," nikasema.

"Nimekuita?"

Nikarudi nyuma. Akamkabidhi Baba mkasi, akachuchumaa upande wa pili wa kichaka. Baba alipiga goti. Mkasi ulikuwa ukigongana wenyewe mkononi mwake, nilisikia mlio wake toka nilipokuwa. Akamtazama Mama.

"Tunapunguza au tunaondoa?"

"Tunapunguza," Mama akasema. "Mwisho wako hapa, juu ya majani."

Akashika kikonyo kwa vidole viwili kumwonyesha mahali. Baba akasubiri avitoe. Mama hakuvitoa.

"Kata, Mzee."