Doa la Kitabu cha Koboko ni Langu, Si la Candiru

Mpaka saa hii sijalia. Jana tumemzika Candiru kule Manibe, nikarudi nyumbani nikaosha sahani zote, hata zile zilikuwa safi.

Wenye hamkumjua, alikuwa fundi wa vitabu vya zamani kwenye jumba la makumbusho hapa Arua. Mimi ni mfagiaji wa hapo. Malaria ilimshika Jumatatu. Alhamisi hayupo.

Siku ya kwanza alinionyesha karatasi ya mawimbi inavyotengenezwa. Anadondosha rangi juu ya maji mazito, anapitisha kichana, analaza karatasi pole, anainua, rangi yote imeshika. "Weka mkono, Mama Feni. Haiumi." Nikaogopa. Akacheka, akanivalisha glavu zake.

Gundi alipika mwenyewe. Muhogo mweupe tupu, anachuja na kitambaa mara tatu. Ikibaki chembe moja, anamwaga yote.

Sasa kitabu cha Koboko. Ni kile kikubwa cha ubatizo kilichotoka mji wa Koboko, majina ya wazee wetu yako humo, na ndani ya jalada iko karatasi ya mawimbi ya bluu. Ilikuwa imebanduka. Candiru aliirudisha kidogo kidogo, miezi mingi. Halafu akaenda kwenye msiba wa shangazi yake.

Nikifagia nikaona kona imeinuka. Nikasema ngoja nimsaidie.

Nilipika gundi na unga wa nyumbani. Unga wetu mnaujua, muhogo tunasaga pamoja na ulezi. Ilipokauka, pale kwenye bluu ikatoka doa la kahawia, kubwa kama kiganja.

Aliporudi aliinama akanusa tu. "Mama Feni, umelisha kitabu enyasa?" Enyasa ndio ugali wetu wa unga huo.

Bosi akaingia, akaona, akauliza nani amefanya hivi. Kabla sijafungua mdomo Candiru akasema, "Ni mimi, bosi."

Kozi ya Kampala aliyoahidiwa ikapotea hivyo. Nikamwambia nitasema ukweli. Akanijibu, "Wakikufukuza, watoto wanne watakula karatasi? Fagia huko."

Nikafagia. Miaka miwili nafagia na kunyamaza.

Jana bosi alisimama mbele ya watu, akasema marehemu alikuwa fundi mzuri, hata alipoharibu kitabu cha Koboko alikubali kosa lake. Alisema kwa wema. Mama yake Candiru akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimeshika birika ya chai. Nikaendelea kumimina.

Basi nasema hapa, na bosi asome. Doa ni langu. Candiru hakuharibu kitabu hata kimoja.

Kesho nitafika ofisini mapema. Nikitoka hapo naenda Manibe, nimwambie mama yake kwa mdomo wangu, watu wakiwepo.

Dada Candiru, naogopa. Watoto hawajajua. Lakini wewe pumzika tu, umebeba muda mrefu. Sasa niachie.