Mwizi kaniamkia

Jamani, leo nimepewa shikamoo na mwizi mwenye panga!

Saa tisa mchana, mie na binti yangu Zuhura tunatoka sokoni Mafiga. Uchochoroni wakatokea vijana watatu, wamejifunga vitambaa usoni. Mmoja akamkaba Zuhura: "Lete simu!" Na simu hiyo ndiyo aliyoombea kazi, anangoja kupigiwa.

Mwenye panga akanigeukia.

"Shikamoo mama."

Ikamtoka hivyo hivyo! Na mie na woga wangu nikaitikia, "Marahaba mwanangu."

Kumbe sauti naijua. Mtoto wa jirani, kafuturu kwangu Ramadhani nzima, na uji anaongezewa!

"Wewe, hilo si panga la mama yako la kukatia ndizi?"

Wenzake wakamsonya. "Oya, umeshaharibu, twen'zetu!" Simu wakaiacha, wakatimua mbio.

Ndiyo majambazi wanaotutisha mji mzima hawa? Uso wanaficha, panga wanaazima kwa mama!

Nawacheka, lakini Zuhura hacheki. Kapigiwa jioni hii, kesho ana usaili na njia ni uchochoro ule ule, anasema pale hapiti tena.

Nyie mngemwambiaje? Mie nimemwambia utapita, nami natangulia mbele. Wakitokea tena, waniamkie wote.