Mama Nyuma ya Pama

Uchafu wa watu wanaonukia usiombe uusafishe wewe. Bi Kisu aliusafisha miaka kumi na tisa katika ukumbi wa sinema wenye viti mia tatu na ushee. Jina hilo alipewa kwa ajili ya kisu butu cha mezani alichotembea nacho mfukoni, cha kukwangulia chingamu chini ya viti. Chingamu, jamani! Mtu katoka kwao kaoga, kajipulizia manukato, halafu anatoa kitu kinywani mwake anakibandika pale mwenzake atakapoweka kiganja. Na siku za shughuli maalumu, zile za zulia jekundu na wageni waalikwa, ndizo zilizokuwa chafu kupita zote. Siku moja aliokota meno ya bandia. Hakuna aliyerudi kuyaulizia.

Basi ikatangazwa shughuli nyingine. Filamu ya zamani iliyopigwa hapo hapo mjini, ikadhaniwa imepotea, kopi moja imepatikana. Wenyewe wanaileta mchana, inaoneshwa mara moja tu saa tisa, wanaifunga sandukuni wanaondoka nayo. Bi Kisu hakujali hata chembe, mpaka alipomsimulia mama yake mdogo.

"Hiyo?" mama mdogo akaruka. "Si ndiyo waliyopigia pale bombani kwetu! Mama yako alipita na beseni kichwani, wakamwambia apite tena. Wee, alitamba mwezi mzima!"

Bi Kisu akakaa kitako sakafuni. Mama yake alifariki yeye hajaota hata meno, na nyumba yao ilipoungua haikusalia picha. Maisha yake yote anaambiwa wamefanana, naye hujitazama kwenye vioo vya vyoo pale kazini, akikisia.

Siku yenyewe akamwendea meneja. "Bosi, leo nataka kukaa."

"Kukaa wapi?"

"Kwenye kiti. Kama watu."

Meneja akacheka, akaona mwenzake hacheki, akampa kiti cha mstari wa nyuma kabisa.

Saa sita fundi mitambo, ambaye Bi Kisu alikwisha kumsimulia habari ya mama yake, akaijaribu filamu, na Bi Kisu wakati huo mkono uko ndani ya choo kilichoziba, maana mtu mzima na akili zake alikuwa ametumbukiza gazeti zima. Fundi akashuka mbio. "Dada, nimemwona! Mbwa akishavuka barabara tu, anapita na beseni, anageuka, anacheka. Ni wewe mtupu! Lakini usipepese macho, hazizidi sekunde saba."

"Nirudishie nione!"

"Wenye filamu wamenikalia kooni, dada. Wamekwisha kuizima. Vumilia hadi saa tisa."

Saa tisa ikawa saa kumi, kisa mgeni rasmi yuko njiani. Akafika, akahutubia, akahutubia tena kwa niaba ya mwenzake ambaye hakufika. Waalikwa wakatafuna, wakamwaga, wakafutia vidole mapazia. Taa zilipozimwa Bi Kisu akavua aproni, akaketi. Kiti kilikuwa laini, hakuwahi kujua. Mkono ukaenda wenyewe chini yake, kwa mazoea, ukagusa chingamu. Mbichi.

Mbele yake alikaa jamaa mmoja wa pama, kofia pana kama sinia.

"Samahani, kaka, hiyo kofia."

"Mama, hii imekuja na suti," akajibiwa.

Akameza, akajisogeza pembeni. Dakika zikapita. Mbwa akatokea, akavuka barabara. Bi Kisu akatoa macho pima. Na hapo hapo, Mungu wangu, yule jamaa akasimama! Akaipa filamu mgongo, akainua simu, akajikenulia meno. "Niko hapa, watu wangu! Mambo makubwa haya!"

"Kaa chini!" Bi Kisu akafoka. Akainamia kushoto, pama ikaja kushoto. Akainamia kulia, nayo ikamfuata. Halafu akasikia ukumbi mzima ukicheka, kicheko kizuri kisicho na dhihaka, cha watu waliochekewa na mtu wakamchekea. Alipofanikiwa kuchungulia, aliona bomba linadondoka maji, na hapana mtu.

Watu mia tatu walimwona mama yake. Hata mla chingamu yule alimwona.

Filamu ilipokwisha, fundi aliwasihi wenyewe mpaka akakaribia kupiga magoti. Wakafunga sanduku lao. Bi Kisu akabaki na ufagio mkononi, mara wazo likamjia: ile simu. Akatoka nje, akamkuta jamaa kwenye zulia anatafuna, mafuta yanamchuruzika kidevuni.

"Kaka, ile video uliyojipiga mle ndani..."

"Ah, umeipenda!" Uso ukamchanua. "Mama, una macho. Leta namba, nikurushie." Hakuuliza ya nini. Akairusha, kisha akambonyeza begani kwa vidole vile vile vya mafuta.

"Asante," Bi Kisu akasema. Neno lile lilimtia kinyaa kuliko vyoo vyote alivyowahi kuzibua. Ilimlazimu aende akasukutue.

Jioni ile yeye na mama mdogo wakabana vichwa juu ya simu. Kwanza pama, kisha meno, kisha pua yenye jasho. Halafu, juu ya bega la jamaa, beseni likapita, na mkono ulioinuliwa kulishika. Likasimama. Nusu ya uso ikageuka: shavu moja, jicho moja, linacheka.

"Ndiye!" mama mdogo akalia. "Ndiye yeye, uwiii, dada yangu! Na hili zoba lililomkalia mbele ni nani?"

"Mgeni mwalikwa," Bi Kisu akasema, akasonya.

Sasa kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, huiwasha. Huweka kidole gumba juu ya uso wa yule jamaa, akakandamiza, ndipo mama anapobaki peke yake na beseni lake. Lakini kidole kikiteleza kidogo tu, jamaa anamkenulia, na inabidi aanze upya.