Gauni Lililokuwa Pipani

Kuna watu wakipewa kompyuta huifunika kitambaa cha kufuma na kuiweka sebuleni ili wageni waione. Mama Mapindo hakuwa wa kundi hilo. Alikuwa mjane wa miaka sitini na ushei, fundi cherehani tangu ujana wake, na binti yake wa pekee alipohamia mji wa mbali kikazi alimwachia kompyuta yake ya zamani. Mama aliiweka kwenye chumba cha kushonea, kati ya pasi na boksi la zipu, akaivalia njuga. Alibofya kila kilichobofyeka. Akikosea alicheka peke yake, akaanza upya. Mwanzoni majirani walimsikia akiigombeza ile mashine kama mkwe mvivu, na baada ya miezi michache wakamsikia akiisifu kwa sauti ile ile.

Alikuwa na sababu ya kuisifu. Marehemu mumewe naye alikuwa fundi, na wawili hao waligawana kazi maisha yao yote: mume alikata, mke alishona. Mume ndiye aliyechora zile karatasi ambazo fundi huzilaza juu ya kitambaa ili afuate ukingo wake kwa mkasi, na kila ukingo aliuandikia vipimo kwa mwandiko wake wa kulala upande. Alipofariki, karatasi zilibaki juu ya kabati. Mama Mapindo alizipiga picha zote kwa simu, akaziingiza kwenye kompyuta, na alifanya vizuri, maana masika yaliyofuata paa lilivuja na karatasi zikageuka uji. Simu nayo ilitumbukia ndooni, akalazimika kununua nyingine. Kwa hiyo mkono wote wa mumewe, miaka yote ile ya kukata, ulibaki ndani ya mashine moja.

Ndani ya mashine, sawa, lakini wapi? Hapo ndipo pa kushika kichwa.

Fundi cherehani yeyote ana pipa la vipande chini ya meza. Hilo si la taka, tuelewane. Humo ndimo kinamokaa kipande cha hariri kitakachokuja kuwa kola, na utepe uliobaki kwenye gauni la mtu ukawa mzuri kuliko gauni lenyewe. Fundi anayetupa vipande si fundi, ni mharibifu. Sasa Mama Mapindo alipowasha kompyuta mara ya kwanza na kuona pipa dogo limechorwa pembeni mwa skrini, alifurahi kama aliyekutana na ndugu ugenini. Kumbe hata hawa wanajua kazi, alijisemea. Akazitia humo picha zote za mumewe. Alipohitaji moja aliirudisha nje, akaitazama, akachora upya kwenye karatasi kubwa, akakata kwa kuifuata, halafu akairudisha pipani. Kompyuta haikuwahi kulalamika hata siku moja, na asiyeambiwa amekosea atajuaje?

Ndipo binti alipopiga simu ya video. Picha ilikuwa inakatikakatika, mdomo unaenda huku na sauti inakuja baadaye, lakini habari ilifika.

"Mama, naolewa," binti alisema. "Na silitaki gauni la dukani. Nataka lile la baba."

Mama Mapindo alilijua analosema. Mwaka wake wa mwisho mumewe alikuwa amechora gauni moja ambalo halikukatwa kamwe, na juu ya karatasi akaandika: la siku yake. Mama aliruka kutoka kitini, jambo ambalo magoti yake yalikuwa yamelikataza tangu zamani. Alicheka, akalia kidogo, akauliza harusi lini, akaanza kuhesabu mita za kitambaa kabla hajajibiwa. Tatizo likawa ile picha inayokatika. Alitaka kumpima binti kwa macho, amwone akigeuka, na mashine ilikuwa inamwonyesha vipande vya bega.

Akamwita shemeji yake, mdogo wa marehemu, karani mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Najua kwa sababu jibu lake lilitangulia swali. Tumpe haki yake, mengine aliyajua kweli. Alimkuta amefungua kurasa za mtandao arobaini kwa pamoja, akazifunga. Alizima programu zilizokuwa zinaamka zenyewe kila kompyuta inapowashwa. Alisogeza kile kisanduku cha intaneti kutoka nyuma ya kabati la chuma akakiweka juu ya dirisha.

"Na hii nini?" aliuliza, akinyooshea kidole karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha kompyuta.

"Nenosiri."

"Shemeji, mwizi akija si utampikia na chai kabisa?"

"Nikilificha nitalisahau."

"Basi tafuta maneno manne yasiyohusiana, uyaunganishe. Utayakumbuka wewe, mwizi hatayaotea."

Mama alipenda hilo, akatunga papo hapo, akakataa kumwambia. Mashine ilianza kwenda mbio. Najua akaendelea, akapakua na programu moja kubwa ya usafi aliyoisifu sana, kisha akajinyoosha kwa raha.

"Ilikuwa imelemewa," alisema. "Pipa lako lilikuwa limejaa pomoni. Nimelimwaga lote kwanza, ndipo nikapakua hii ya usafi."

Mama Mapindo alikuwa ameshika sindano. Aliiweka mezani taratibu, kama anayeogopa kuiamsha.

"Umelimwaga wapi?"

"Halimwagwi mahali, shemeji. Vinafutika."

Alipoeleza kilichokuwamo, Najua akapauka. Zilikuwa kazi za kaka yake. Akasema ngoja, anaijua programu ya kurudisha, ataipakua sasa hivi. Lakini Mama Mapindo alimshika kiganja. Fundi hashoni akiwa na papara, na nguo iliyoharibika huachwa kwanza ilivyo. Akampigia simu fundi kompyuta wa mtaa wa pili, mtu mzima mwenye kitambi ambaye suruali zake zote zilitoka katika chumba hiki.

"Usiguse kitu, fundi," alisema yule mtu. "Usipakue, usihifadhi, usifungue. Zima na uje nayo."

Walikwenda kwa miguu mbio mbio, Najua amebeba mashine kifuani kama mtoto mgonjwa. Dukani, meza ilikuwa imejaa simu zilizofunguliwa matumbo. Fundi kompyuta alitoa diski ya ile mashine, akaichomeka kwenye mashine yake, na huku mikono ikifanya kazi alieleza. Kitu kikifutwa, alisema, kompyuta haikichomi moto palepale. Inafuta jina lake tu na kutangaza nafasi iko wazi, ni kama umefuta mstari wa chaki kwenye kitambaa, ukitazama vizuri bado unauona. Hatari ni kuandika kingine juu yake. Na bahati yao diski ni ya zamani, hizi mpya husafisha haraka zaidi.

Programu yake ikaanza kupekua. Mstari wa kijani ulitambaa kwenye skrini kwa uvivu wa kutia hasira, halafu picha ya kwanza ikachomoza.

"Hilo koti la mwenye duka la dawa," Mama Mapindo alisema, sauti imepanda. "Alitaka mifuko minne, sijui ya kuwekea nini."

Ikaja ya pili. Zikaja tatu pamoja. Majina yote yalikuwa yamepotea, kila picha imebaki na namba tu, kwa hiyo ilibidi afungue moja moja, naye alizitambua zote kabla hazijafunguka vizuri. Suruali ya mwalimu wa kwaya. Shati la yule jamaa mwenye bega moja juu. Alikuwa amesimama, anapiga meza kwa kiganja kila mumewe anaporudi, na wateja waliokuja kutengeneza simu zao wakaanza kushangilia naye bila kujua wanashangilia nini. Fundi kompyuta alizihifadhi zote kwenye diski nyingine, maana ukiokoa kitu, alisema, hukirudishi kwenye kisima kile kile.

Gauni lilikuja karibu na mwisho. Maneno "la siku yake" yalionekana kwanza, kisha shingo, mabega, mikono mirefu, kifua, kiuno. Kuanzia kiunoni kwenda chini picha ilikuwa kijivu kitupu.

Walijaribu mara nyingine, ikatoka vilevile. Ile programu ya usafi ilikuwa imekalia nusu ya gauni.

"Shemeji," Najua alisema, "sina hata la kusema."

"Basi usiseme. Beba mashine twende."

Lakini alikuwa ameumia. Yeye hakuwahi kukata nguo kwa akili yake mwenyewe. Mumewe alipokuwepo ndiye aliyemkatia, na alipoondoka Mama alifuata picha zake. Kesho yake alitandaza kitambaa cheupe mezani, akachora na kukata sehemu ya juu kwa kufuata vipimo vya mumewe, akafika kiunoni, akasimama na mkasi mkononi. Aliogopa, tuseme ukweli. Alifungua zile picha zilizookolewa kuona mumewe alikuwa akizishusha vipi sketi. Alizishusha moja kwa moja, nyembamba, kama alivyopenda. Mama Mapindo akamkumbuka binti yake anavyotembea, hatua ndefu za haraka alizozirithi kwa mama. Sketi ile ingemwangusha kabla hajafika mbele ya watu.

Moyo ukaanza kumdunda kwa namna nyingine. Akachukua chaki. Akachora sketi pana, inayofunguka kuanzia gotini, akapanua tena kidogo kwa sababu alitaka, akakata. Mkasi ulilia ndani ya kitambaa, naye akajikuta anacheka peke yake.

Sketi hiyo aliichora pia kwenye karatasi, akaipiga picha. Nakala moja ikakaa kwenye folda ndani ya kompyuta, ya pili kwenye flashi iliyofungiwa kabatini, ya tatu kwenye ghala lake la mtandaoni, na akamfanyia mumewe vivyo hivyo. Siku hizi mteja mwenye kompyuta akija kupimwa haondoki kabla ya kuulizwa nakala zake ziko ngapi, na kuambiwa kwamba pipa la huko si pipa la huku.

Gauni lilipokamilika alilivalisha sanamu la kupimia, akapiga simu ya video. Picha ilikuwa safi kabisa, unaona mpaka hereni za binti. Mama aliligeuza sanamu polepole.

"Mama," binti alisema baada ya kutazama sana, "hiyo sketi baba aliichora hivyo?"

"Baba yako nimempata mpaka kiunoni. Kutoka hapo kwenda chini ni mimi."

Mkono wa binti ulionekana ukipanda kufuta macho. 

"Basi siku hiyo sitakaa chini," alisema. "Nitasimama, sketi yako ionekane, mpaka mgeni wa mwisho aondoke."